Vikao Mia Tano

Saa tatu na dakika tano asubuhi, duara dogo la buluu lilikuwa likizunguka katikati ya skrini, na Sindano alikuwa amelikodolea macho muda mrefu kuliko linavyostahili. Ukurasa ulikuwa umefunguka nusu: jina la programu juu, mstari wa kijivu chini yake, kisha weupe mtupu. Hapakuwa na orodha ya mashine wala vitufe, wala hata neno moja la kumweleza mtu amekosa nini.

Sindano si jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake wa kitengo cha mitambo walimbandika kwa sababu ya wembamba wake, na pia kwa tabia yake ya kulichomachoma jambo mpaka litoe kilichomo. Alikuwa msimamizi wa seva, yaani mtunzaji wa zile kompyuta kubwa zisizo na skrini zinazowafanyia kazi watu wengi kwa wakati mmoja. Asubuhi hiyo alitakiwa kuwasha nne kati yake. Nne tu. Ni kazi ya dakika mbili kwa mtu ambaye programu yake ya usimamizi imekubali kufunguka.

Mashine hizo zilikuwa za mtihani. Siku moja tu katika mwaka, wakunga waliomaliza mafunzo huketi katika kumbi thelathini na mbili, kila mmoja mbele ya kompyuta, wakafanya mtihani wa leseni. Mwaka huu walikuwa elfu moja mia nane na arobaini. Kwa kuhofia maswali kuvuja, mashine za mtihani huzimwa wiki nzima na kufungiwa katika jengo lenye lakiri mlangoni, mwendo wa saa tatu kwa gari. Haziguswi kwa mkono. Huwashwa kutoka mbali, kwa programu ya usimamizi iliyoko hapa ofisini, ambayo nayo hufunguliwa kwa kivinjari kama ukurasa wowote wa mtandao. Zikishawashwa, huchukua dakika kumi na mbili kuamka, na watunga mtihani huhitaji dakika tatu zaidi kuyafungua maswali. Kanuni ilikuwa kavu: saa nne ikifika maswali hayajafunguka, mtihani unaahirishwa hadi mwaka ujao.

Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mwisho wa kuwasha ni saa tatu na dakika arobaini na tano.

Simu ilitetemeka mezani. Ulikuwa ujumbe wa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa ukumbi namba tisa.

*Wifi, skrini inasema SUBIRI. Nasubiri. Mwaka jana pia nilisubiri, ila nilikuwa leba.*

Sindano alitabasamu bila kupenda. Ni kweli. Mwaka uliopita, asubuhi ya mtihani wa ukunga, mkunga huyo alikuwa yeye mwenyewe amelala juu ya kitanda cha kujifungulia, akiwafokea wakunga wenzake kwamba wanashika vibaya. Mtoto alitoka salama, mtihani ukampita. Tangu hapo, mwaka mzima, alikuwa akibeba mabeseni na kunyoosha glavu katika zahanati ambayo kina mama waliulizia mikono yake kwanza. Nafasi ya mkunga mwenye leseni ilikuwa imewekwa wazi kwa ajili yake hadi mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo angepewa mwingine.

*Subiri kidogo tu,* Sindano aliandika. *Usile kucha.*

*Nimeshamaliza za mkono wa kushoto.*

"Ni kivinjari hicho," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa Waya, fundi wa mtandao, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, ambaye hakuna hitilafu iliyopata kumnyima usingizi. "Vivinjari vya siku hizi vina maringo. Ukikikalia sana kinanuna. Kifunge, ukifungue."

"Nimeshakifunga mara nne."

"Umefuta akiba?"

Akiba ni zile nakala za kurasa ambazo kivinjari hujiwekea ili kisizipakue upya kila mara. Nakala ikichakaa, ukurasa huharibika. Sindano alikuwa ameifuta. Alikuwa pia amefungua dirisha la faragha, lisilo na kumbukumbu yoyote, na duara lilikuja kuzunguka humo humo kama kwamba limealikwa.

"Saa ya kompyuta yako iko sawa?" Waya aliuliza, sasa akiwa amevuta kiti. "Mwaka juzi saa ilirudi nyuma siku moja, programu ikamkataa kila mtu."

"Iko sawa sawia."

"Basi subiri nikuonyeshe." Waya alifungua kivinjari cha pili kwenye meza yake, halafu cha tatu. Kote kote ukawa ukurasa ule ule nusu, na duara lile lile. "Ala!" alisema, akianza kuufurahia ugomvi huo. "Vyote vimekula njama!"

Hapo ndipo Sindano alipoacha kukigusa kipanya cha kompyuta, akaiweka mikono yake mapajani. Alikuwa na desturi hiyo tangu chuoni. Jambo likimshinda huacha kulishika, akalitazama tu kwanza.

"Waya, hebu tulia. Vivinjari vitatu visivyo vya ukoo mmoja vinaweza kuugua ugonjwa mmoja kwa dakika moja?"

"Haviwezi."

"Na jina la programu hapo juu, lilichukua muda gani kutokea?"

Waya alifungua upya akaangalia. "Papo hapo. Kufumba na kufumbua."

"Basi mtandao ni mzima, kivinjari ni kizima, na programu iko hai. Inatupa kila kitu ambacho humpa mpita njia. Inakwama pale inapotakiwa kututambua sisi ni nani." Alisimama, na damu ilikuwa imeanza kumchemka kwa namna aliyoijua na kuipenda: ule msisimko wa mtu aliyeona mkia wa mnyama ukiingia kichakani. "Tatizo haliko huku kwetu. Liko kule ndani. Njoo!"

Saa tatu na dakika ishirini.

Chumba cha mitambo kilikuwa mwisho wa ukumbi wa ofisi, nyuma ya mlango mzito. Ndani kulikuwa na baridi, na mvumo wa feni mia moja ambao humlazimu mtu kupaza sauti hata akitaka kunong'ona. Sindano alivuta droo iliyokuwa na kibodi ya mashine yenyewe, skrini nyeusi ikawaka, akaandika amri yake kwa vidole vilivyojua njia. Hapa hapakuwa na picha wala rangi. Kulikuwa na maandishi meupe tu, nayo hayakusitasita.

*Vikao vilivyo wazi: 500. Kikomo: 500.*

"Mungu wangu," Sindano alisema.

"Ndiyo nini hiyo?" Waya alipiga kelele juu ya mvumo.

"Kila mtu akiingia kwenye programu kwa jina na nywila yake, hufunguliwa kikao. Ni kama kiti. Akibonyeza 'Toka', kiti kinarudishwa. Asipobonyeza, kiti kinabaki na jina lake. Programu ina viti mia tano, na vyote vimekaliwa!"

"Na nani? Sisi tuko watatu!"

Sindano aliishusha orodha, na majina yakapita kama mvua ya mawe: jina lake, jina la Waya, jina la Mkuu wa kitengo, jina la skrini kubwa ya ukutani inayoonyesha hali ya seva zote, jina lake, Waya, Mkuu, skrini, siku baada ya siku. Vinne kwa siku, ishirini kwa wiki. Kikao cha kwanza kabisa kilikuwa cha wiki ishirini na tano zilizopita. Hesabu ilikubali bila kubakiza hata moja.

Hakuna aliyewahi kutoka. Katika ofisi ile, kutoka kwenye programu kulikuwa kosa. Juu ya kila meza kulikuwa na kibao kilichoandikwa kwa herufi nene: USITOKE. FUNGA DIRISHA TU. Programu ya zamani, ile iliyoondolewa miaka mitatu nyuma, ilihesabu kila seva kuwa mali ya aliyeiwasha. Mwenyewe akitoka, seva inazimika. Mkuu wa sasa, alipokuwa bado kijana wa zamu, alibonyeza "Toka" jioni moja kwa adabu zake zote, na zahanati kumi na moja zikakosa kumbukumbu za wagonjwa mpaka kesho yake mchana. Walimpeleka kuhesabu karatasi ghalani kwa miaka miwili. Aliyemrudisha ni mkubwa wa mitambo wa wakati huo, ambaye pia ndiye aliyeviandika vile vibao, na ambaye, kwa jinsi mambo yalivyo katika familia, alikuwa mjomba wake Sindano.

Lakini desturi hiyo peke yake isingewafikisha hapa. Programu mpya ilikuja na kipima muda cha kuviondoa vikao vilivyolala. Wiki ishirini na tano zilizopita, skrini ya ukutani ilikuwa ikimsumbua kila mtu kwa kudai nywila kila nusu saa, na mtu mmoja akakizima kipima muda hicho.

"Ni mimi," Sindano alisema.

"Unasemaje?"

"Mimi ndiye niliyezima kipima muda! Ndiyo maana vimejaa!"

Waya alimtazama. Kisha alisema, kwa upole uliozidi umbo lake, "Basi hayo tutayalia mchana. Sasa si uziwashe hapo hapo?"

"Haiwezekani. Kwenye kibodi hii naweza kuona na kuondoa vikao tu. Mashine za mtihani zinawashwa kwenye ukurasa, kwa nywila mbili, yangu na ya Mkuu. Ni lazima niingie."

"Ondoa vikao basi!"

"Usiguse!"

Mkuu alikuwa mlangoni, tai imepinda, jasho limemtoka hata katika ubaridi ule. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya chini na mwandiko mzuri, na alikuwa ameiona ile skrini ya ukutani ikiwa giza. "Seva thelathini na saba zinafanya kazi hivi sasa," alisema. "Kumi na moja ni za zahanati. Ukiwatoa waliozianzisha, zinaanguka. Mimi nililijua hilo kabla hujajua kusoma."

"Hiyo ilikuwa programu ya zamani, Mkuu. Kitabu cha hii kinasema kikao ni dirisha la kutazamia tu."

"Kitabu!" Mkuu alisema, na katika neno hilo moja ilikuwamo miaka miwili ya ghalani. "Mjomba wako anasemaje?"

Hapakuwa na haja ya kubishana. Ilikuwa rahisi zaidi kupiga simu. Sindano alitoka nje ya chumba akapiga, saa tatu na dakika ishirini na nane.

"Mjomba, ukiingia mtu—"

"Shikamoo huijui tena?"

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, binti yangu. Hamjambo huko? Mama yako mguu unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri, Mjomba. Mjomba, nina haraka."

"Haraka ya nini asubuhi yote hii? Umekunywa chai?"

Alimweleza kwa pumzi moja. Sauti ya upande wa pili ilirudi nzito, ikiwa na uhakika wa mtu ambaye kwa miaka thelathini hakuna aliyempinga juu ya jambo hilo. "Usitoke. Zitaanguka zote. Programu zinabadilishwa majina, lakini mashine ni mashine. Nilikufundisha nini?"

Alikuwa amemfundisha kila kitu. Alimfundisha kushika bisibisi, kusikiliza feni inayotaka kufa, na kuandika kila jambo alilolifanya na saa aliyolifanya.

"Nimekusikia, Mjomba," alisema, kwa sababu ndivyo anavyojibiwa mkubwa, na kwa sababu ulikuwa ukweli. Alikuwa amemsikia. Hakusema kwamba amekubali.

Aliporudi ndani alikuwa amekata shauri, ila kwa namna yake. Hakutaka kusadiki kitabu wala Mjomba. Alitaka kuona kwa macho.

"Mkuu, sikiliza. Jumatatu niliizima seva ya katalogi ya maktaba, nikaiwasha tena kwa jina langu. Kikao kile kipo, namba mia nne tisini na tatu. Nikikiondoa hicho kimoja, kama mnavyosema ni kweli, katalogi ya maktaba itazimika. Hakuna atakayeumia. Mtu atatafuta kitabu kwa mguu. Tujaribu?"

Mkuu alishika tama. "Maktaba tu?"

"Maktaba tu."

"Haya. Na uandike kwenye daftari."

Waya alikuwa ameshampigia mkutubi, simu ikiwa kwenye spika. Sindano alibonyeza. *Kikao 493 kimeondolewa.*

"Ndugu Mkutubi!" Waya alifoka. "Tafuta kitabu kwenye kompyuta!"

"Kitabu gani?" iliuliza sauti tulivu iliyozoea kunong'ona.

"Chochote!"

"Tuna vitabu elfu sitini, ndugu yangu. Chochote hakimo."

"Cha kuku basi! Tafuta kuku!"

"Ufugaji, mapishi, au magonjwa yake?"

"Mama yangu weee! Magonjwa!"

Ilisikika kibodi ikigongwa polepole, herufi moja moja, kwa vidole viwili. Mkuu alikuwa amefumba macho. Sindano alikuwa akihesabu pumzi zake.

"Vimetokea vinne," mkutubi alisema. "Kimoja kimeazimwa. Unataka nikuwekee?"

Waya alipiga yowe lililoishinda mivumo yote ya feni, na Sindano akamkumbatia mtu mnene huyo bila kufikiri. Seva ilikuwa hai! Mwenyewe ametoka, na seva iko hai!

"Maktaba si zahanati," Mkuu alisema, lakini alikuwa amefumbua macho.

Sindano hakungoja ajibiwe zaidi. Kiti kimoja kimepatikana. Alikimbia ukumbini hadi mezani kwake, akafungua ukurasa, akaandika nywila. Duara likazunguka. Likazunguka. Likazunguka.

"Haiwezekani! Nafasi ipo!"

Kisha akasikia kutoka meza ya jirani mlio mdogo wa furaha, mlio wa ukurasa uliofunguka. Kivinjari cha pili cha Waya, ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekisahau, kilikuwa kikijaribu tena na tena bila kuchoka, na sasa kilikuwa kimekikalia kile kiti.

"Waya! Umeninyang'anya!"

"Mimi? Mimi niko huku!" Waya alitokea akihema. Aliona, akajipiga paji la uso. "Aisee. Nilikiacha kinajaribu."

"Fungua mlango wa kutoka basi. Bonyeza 'Toka'."

Kidole cha Waya kilisimama hewani juu ya kitufe. Kwa miaka tisa hakuwa amewahi kukigusa. Alimeza mate, akalifumba jicho moja, akabonyeza. Naye Sindano, akiwa ameinama kama mkimbiaji anayengoja filimbi, aliingia palepale.

Ukurasa ulianza kufunguka. Lakini ulifunguka kama mzee anayepanda ngazi. Mstari wa kwanza wa orodha ulitokea, ukapumzika. Wa pili. Programu ilikuwa imebeba watu mia tano wasiokuwapo, na kwa kila jambo ilikuwa ikiwaeleza wote mia tano kilichobadilika, mmoja baada ya mwingine. Mashine ya kwanza ya mtihani ilijitokeza saa tatu na dakika thelathini na tisa. Sindano alibonyeza "Washa". Kisanduku cha nywila ya pili kilikuja baada ya dakika mbili na nusu.

Simu ikatetemeka. *Wifi, msimamizi wa ukumbi anaanza kutuangalia kwa huruma. Sipendi.*

"Mashine nne," Sindano alisema, na sasa sauti yake ilikuwa wazi, ya mtu aliyekwisha kuona mwisho wa hesabu. "Kila moja ikichukua dakika tano, ya mwisho itawaka saa nne hivi. Tumechelewa, Mkuu. Haitoshi kuondoa kimoja. Lazima viondolewe vyote. Sasa hivi."

"Pamoja na vya zahanati."

"Pamoja na vya zahanati."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika arobaini na mbili. Mkuu aliutazama ule mlango mzito wa chumba cha mitambo kama mtu anayetazama mto uliowahi kumchukua. Halafu alifanya jambo ambalo Sindano hakulitarajia. Alilivuta daftari la kazi, lile ambalo kila anayeigusa mashine huandika jina lake na saa, akachomoa kalamu yake na kuandika kwa mwandiko wake mzuri, bila haraka.

"Nimeandika kwamba nimeagiza mimi," alisema. "Kama zitaanguka, ghalani nakujua. Nenda!"

Sindano alikimbia. Waya alikimbia nyuma yake. Mkuu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikimbia nyuma ya Waya. Droo, kibodi, amri. Programu iliuliza kwa herufi nyeupe kama ana hakika, naye akajibu ndiyo.

*Vikao vilivyo wazi: 500. 431. 288. 96. 0.*

"Hesabu seva!" Mkuu alisema kwa sauti iliyokauka. "Hesabu zinazofanya kazi!"

Sindano aliandika amri. Herufi zilichelewa kwa muda mfupi mno usiopimika.

*Zinazofanya kazi: 37.*

"Thelathini na saba," Waya alisema.

"Thelathini na saba," Mkuu alirudia, kisha akacheka, kicheko chembamba cha kijana wa zamu.

Hapakuwa na nafasi ya kushangilia. Mezani aliandika nywila upya, na ukurasa ukafunguka kwa mpigo mmoja, wote, na orodha ikamwagika kuanzia juu hadi chini kabla Sindano hajaketi vizuri. Washa: nywila yake, nywila ya Mkuu. Washa. Washa. Kila kubonyeza kulijibiwa hapo hapo, kama mtu aliyekuwa akingoja aitwe. Mashine ya nne iligeuka kutoka kijivu kuwa njano saa tatu na dakika arobaini na tano, na sekunde zilizobaki hakuna aliyezihesabu.

Dakika kumi na mbili za kungoja ni ndefu kuliko asubuhi nzima ya kushughulika. Katikati yake Mjomba alipiga.

"Umetoka?" aliuliza moja kwa moja, bila salamu, na hapo ndipo Sindano alipojua jinsi alivyokuwa na wasiwasi.

"Nimetoka, Mjomba. Vikao vyote mia tano."

"Ngapi zimeanguka?"

"Hata moja."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara mbili. Thelathini na saba."

"Za zahanati?"

"Zote kumi na moja. Mkuu yuko hapa, anazitazama mpaka macho yanamtoka."

Mzee alivuta pumzi ndefu. Sindano alijiandaa kukemewa, na kwa kweli angelipokea karipio hilo kwa heshima. "Ulijuaje?" Mjomba aliuliza badala yake. "Kabla ya kuviondoa vyote. Ulijuaje?"

"Nilijaribu kimoja kwanza. Cha maktaba."

"Cha maktaba," alisema Mjomba, akiyaonja maneno hayo. "Kile kisichomuumiza mtu." Kisha, kwa sauti ambayo mpwa wake hakuwahi kuisikia, sauti ya mtu aliyekaa upande wa pili wa meza, upande wa mwanafunzi, "Jumatatu nitapita hapo. Uniandikie hiyo amri kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Miwani yangu imechoka."

Saa tatu na dakika hamsini na saba, mashine ya kwanza iligeuka kijani. Kisha ya tatu, kisha ya pili. Ya nne ilikaa njano ikiwatia wazimu, Waya akiibembeleza kwa majina ya mapenzi, mpaka nayo ikakubali. Watunga mtihani waliingiza msimbo wao. Kwenye kona ya ukurasa kikatokea kihesabio cha watahiniwa waliounganishwa, kikiwa na sifuri.

Halafu hamsini na mbili. Mia tatu na sita. Mia tisa na kumi na moja.

"Twende, twende, twende," Waya alikuwa akiimba, akipiga meza.

Elfu moja mia sita. Elfu moja mia nane na thelathini. Thelathini na tano. Namba ilipanda kwa hatua ndogondogo, ikafika elfu moja mia nane thelathini na tisa, ikasimama. Sekunde kumi. Ishirini. Mkuu alisema pengine mmoja ni mgonjwa. Sindano alikuwa ameikamata simu yake kwa mikono miwili.

Elfu moja mia nane na arobaini.

Chumba kizima kilipiga kelele kiasi kwamba watu wa ofisi ya ghorofa ya chini walitoka nje kutazama kama kuna moto. Mkuu alimpa Waya mkono, akaona hautoshi, akampa na wa pili.

Sindano aliinama juu ya simu na kuandika: *Wifi, umefungua?* Alituma. Kando ya ujumbe kukaja alama moja tu ya tiki, ya kijivu, ile ya ujumbe uliotoka na haujapokelewa. Alingoja ya pili. Haikuja. Simu ya wifi yake ilikuwa imezimwa. Watahiniwa hunyang'anywa simu zao dakika ile ile swali la kwanza linapotokea mbele yao, si kabla.

Aliitazama tiki hiyo moja, akaigeuza simu kifudifudi mezani, akacheka peke yake.